Namna ya Kuendesha Warsha ya Tabianchi Inayowafungulia Wanafunzi wa Sekondari Mlango wa Kazi za Sayansi

Kila muhula unapokaribia, walimu wanaosimamia klabu za mazingira na klabu za sayansi huuliza maswali yaleyale: nianzie wapi, nimwalike nani, vifaa nitavipata wapi ilhali maabara yetu ina vipimajoto viwili tu, na nifanye nini ili siku nzima isigeuke kuwa hotuba ya kukataza watu kukata miti. Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa mpangilio. Umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa shule ya sekondari ya kawaida nchini Uganda, ya kutwa au ya bweni, mwenye wanafunzi 40 hadi 60, asiye na mfadhili wala projekta.

Kanuni moja inatawala hatua zote zinazofuata: mwanafunzi apime kwanza kitu cha mahali anapoishi, kwa mikono yake, kisha ndipo aelezwe kwamba yupo mtu anayelipwa mshahara kwa kufanya kipimo kama hicho. Ukigeuza mpangilio huo ukaanza na orodha ya kazi, wanafunzi watanakili majina ya kazi daftarini na kuyasahau kabla ya kengele ya chakula cha mchana.

KABLA YA KUANZA

Ruhusa. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu, lakini mfikie kwanza DOS (mwalimu anayesimamia taaluma), kwa sababu yeye ndiye anayeshika ratiba na ndiye atakayeamua kama utapata Jumamosi nzima au saa moja baada ya masomo. Eleza katika barua hiyo kwamba mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika mwaka 2020, unawataka wanafunzi wafanye kazi za miradi, na kwamba vipimo vya warsha vinaweza kuingia katika kazi hizo iwapo walimu wa masomo watakubaliana. Sentensi hiyo hufanya kazi kuliko aya nzima kuhusu kuiokoa dunia. Ikiwa utawatoa wanafunzi nje ya uwanja wa shule, andaa pia fomu ya idhini ya wazazi.

Walimu wenzako. Unahitaji watatu: wa fizikia au hisabati, wa biolojia au kilimo, na wa jiografia. Huyu wa tatu usimwache. Sehemu kubwa ya mada ya tabianchi imo katika somo lake, na tangu mwaka 2022, walimu wa sayansi wenye shahada katika shule za serikali walipopandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi huku wenzao wa masomo ya sanaa wakiachwa, shughuli yoyote yenye jina la sayansi inaweza kupokewa kwa ubaridi katika chumba cha walimu. Mpe mwalimu wa jiografia kipindi chake akiongoze mwenyewe; usimwite aje kupanga viti.

Wanafunzi. Darasa linalofaa zaidi ni S3, yaani mwaka wa tatu wa sekondari, na S2 ikifuata. Hadi S4 fizikia, kemia, biolojia na hisabati ni masomo ya lazima, kwa hiyo uchaguzi wenyewe hufanyika wakati wa kuingia S5. Mwanafunzi wa S3 bado ana muda wa kuinua alama zake; wa S5 ameshachagua kombinesheni (kundi la masomo ya S5 na S6), na warsha itamfurahisha tu au kumsikitisha.

Wakati. Kipimamvua hakina maana bila mvua. Kusini mwa nchi mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, hivyo muhula wa kwanza ndio bora, kwa kuwa muhula wa tatu humezwa na mitihani ya taifa ya UNEB. Kaskazini, ambako msimu wa mvua ni mmoja mrefu, muhula wa pili pia unafaa.

Vifaa. Kwa kila kikundi cha wanafunzi sita au saba andaa vitu hivi:

- chupa tano za plastiki za lita moja na nusu, zenye ubavu ulionyooka;
- rula, kalamu ya wino usiofutika, na wembe au kisu kitakachobaki mikononi mwa mwalimu;
- ndoo ya udongo wa shambani, majani makavu ya kutandaza, na kipande cha ukoka kilichong'olewa pamoja na mizizi yake;
- mikebe mitatu inayopitisha mwanga ya kukingia maji;
- karatasi za manila, penseli, na kikokotoo kimoja.

Shuleni pawe pia na kompyuta moja au simu moja ya mwalimu yenye intaneti, itakayotumika siku chache kabla ya warsha. Usipange shughuli yoyote inayomtaka mwanafunzi awe na simu, kwa kuwa shule nyingi hazikubali, na warsha yako haipaswi kuanzisha ugomvi huo.

HATUA

1. Chagua tatizo moja la mahali penu. Usianze na dubu wa ncha ya kaskazini. Shule ya Kasese inao mto Nyamwamba, uliofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaharibu hospitali ya Kilembe. Shule za miteremko ya Elgon zinayo maporomoko ya ardhi ya Bududa, likiwemo lile la Nametsi la Machi 2010. Bwaise na mabonde mengine ya Kampala yana mafuriko ya kila msimu. Ukanda wa wafugaji, kuanzia Isingiro hadi Karamoja, una ukame. Na walio kando ya Ziwa Victoria wanakumbuka Mei 2020, maji yalipopanda na kuvuka hata kiwango cha mwaka 1964. Andika tatizo mlilochagua kwa sentensi moja inayoishia na alama ya kuuliza, kwa mfano: "Kwa nini maji ya mvua hayaingii ardhini kwenye kilima chetu?" Swali hilo libaki ubaoni tangu mwanzo hadi mwisho wa siku.

Tahadhari: katika maeneo ya maafa huenda darasani kuna mtoto aliyefiwa na ndugu zake. Zungumza na mlezi wa wanafunzi mapema, usionyeshe picha za miili wala nyumba zilizofukiwa, na usimtake mwanafunzi yeyote asimulie yaliyompata.

2. Tengenezeni vipimamvua wiki mbili kabla ya siku ya warsha. Kata chupa mahali ubavu unapoanza kunyooka, igeuze sehemu ya juu kichwa chini ili iwe faneli, na uiingize ndani ya sehemu ya chini. Kitako cha chupa nyingi kina mabonde, kwa hiyo tia kokoto na maji hadi usawa wa pale ubavu uliponyooka, kisha chora mstari wa sifuri hapo. Kuanzia mstari huo panga milimita kwa rula. Kwa kuwa mdomo na ubavu vina upana uleule, milimita moja ndani ya chupa ni milimita moja ya mvua.

Ikiwa faneli ni pana kuliko chupa, hapo ndipo mwalimu wa hisabati anapoingia. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 12 juu ya chupa yenye kipenyo cha sentimita 8 inakusanya maji mara 2.25 zaidi (144 kugawanya kwa 64), hivyo maji yakipanda milimita 18 ndani ya chupa, mvua halisi ni milimita 8. Wanafunzi wanaolalamika kwamba eneo la duara halina kazi maishani watakutana nalo hapa.

Weka kifaa mahali wazi, mbali na jengo au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake, na kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, ambayo ndiyo saa ya kawaida ya vituo vya hali ya hewa vya eneo letu. Baada ya kusoma, mwaga maji yaliyozidi na urudishe usawa kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua iandikwe 0, isiachwe wazi. Nafasi tupu humaanisha kuwa hakuna aliyekwenda kusoma.

Tahadhari: mtu asiende kwenye kipimamvua wakati wa ngurumo. Radi za nchi hii si jambo la mzaha. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi wengi kwa pigo moja katika shule ya msingi wilayani Kiryandongo. Kipimo kinaweza kusubiri.

3. Siku ya warsha, nadharia isizidi dakika 30. Mambo matatu yanatosha. La kwanza, hali ya hewa ni ya leo na kesho, ilhali tabianchi ni wastani wa muda mrefu, ambao kwa kawaida huhesabiwa kwa miaka 30. La pili, kabonidioksidi angani ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni kabla ya zama za viwanda, na sasa imepita 420. Gesi hiyo huzuia sehemu ya joto linalotoka ardhini lisiende moja kwa moja angani. La tatu, barafu ya milima ya Rwenzori, ambayo mwaka 1906 ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5, ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba kufikia mwaka 2003. Kisha funga daftari la nadharia.

Kuna makosa mawili ambayo hujitokeza hapa karibu kila mara. Wanafunzi wengi, na baadhi ya walimu, huamini kuwa dunia inapata joto kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka. Hayo ni mambo mawili tofauti: kuharibika kwa ozoni huongeza mionzi ya urujuanimno, na si chanzo kikuu cha ongezeko la joto. Kosa la pili ni lile jaribio maarufu la chupa mbili juani, moja ikiwa na kabonidioksidi iliyotengenezwa kwa siki na magadi. Liache. Mara nyingi tofauti ya joto inayoonekana hutokana na uzito wa gesi hiyo, ambayo hutulia na kuzuia hewa ya chupani isichanganyike, wala haitokani na kunaswa kwa mnururisho wa joto. Jibu linaonekana sahihi lakini sababu si hiyo, na mwanafunzi mwerevu akigundua baadaye, atatilia shaka na yale mengine yaliyo ya kweli.

4. Fanyeni jaribio la udongo na mvua. Hii ndiyo shughuli iliyobeba warsha nzima, kwa hiyo ipe saa moja na nusu. Chupa tatu zilazwe ubavu, zikatwe dirisha refu juu, na zijazwe udongo uleule kwa kiasi kilekile. Ya kwanza ibaki na udongo mtupu; ya pili ifunikwe majani makavu; ya tatu ipandwe ukoka siku kumi au zaidi kabla, ili mizizi ishike. Ziinamishwe kwa tofali moja upande wa kitako, midomo ikielekea kwenye mikebe.

Mwagia kila chupa mililita 500 za maji kutoka kwenye chupa nyingine yenye kifuniko kilichotobolewa matundu, kwa kimo kilekile na kwa muda uleule. Wanafunzi wapime mambo matatu: maji yalianza kutoka baada ya sekunde ngapi, yametoka mililita ngapi, na tope limetanda kwa kimo gani baada ya kutulia saa moja. Kabla ya kumwaga, kila mwanafunzi aandike makadirio yake. Asiyekadiria hana cha kushangaa.

Matokeo hayahitaji maelezo mengi: chupa ya udongo mtupu kwa kawaida hutoa maji mapema zaidi na tope zito zaidi. Kazi ya mwalimu ni kuuliza linalofuata. Mteremko ukiongezwa kwa tofali la pili itakuwaje? Mvua ileile ikinyesha kwa nusu ya muda? Hapo utaona kikundi kimoja kikianza kuongeza matofali bila kuagizwa. Waache, hata ratiba ikichelewa.

Tahadhari: angalia nani anashika vifaa. Katika vikundi vya mchanganyiko wavulana humwaga maji na wasichana huandika, bila mtu yeyote kupanga hivyo. Gawa majukumu kwa majina na uyabadilishe katika kila duru: mmwagaji, mshika saa, mpimaji, mwandishi.

5. Mpe kila mwanafunzi mwaka wake. Siku chache kabla, ingia kwenye NASA POWER, tovuti ya takwimu za hali ya hewa ambayo haitozi malipo, weka mahali shule yenu ilipo kwenye ramani, chagua vipimo vya kila mwezi vya halijoto ya mita 2 juu ya ardhi, na upakue jedwali kuanzia mwaka 1981 hadi mwaka wa mwisho uliokamilika. Hadi 2024 hiyo ni miaka 44, idadi inayokaribiana na darasa zima. Futa safu ya mwisho yenye wastani wa mwaka, chapisha, na ukate ukanda mmoja kwa kila mwaka.

Kila mwanafunzi akokotoe wastani wa miezi 12 ya mwaka wake, kisha aende mbele kuweka nukta kwenye manila iliyobandikwa ukutani. Zikikamilika, wakokotoe wastani wa kila miaka kumi na kulinganisha. Ni vyema wajue kwamba takwimu hizi hazitoki kwenye kituo cha wilayani mwenu. Zimekokotolewa kwa modeli inayounganisha setilaiti na vipimo vya ardhini, na kila namba inawakilisha eneo lenye upana wa kilomita 50 hivi.

Ukitaka kurudia kwa mvua, jiandae kwa mchoro usiotii. Mvua ya Afrika Mashariki hupanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka, pia kwa sababu ya joto la Bahari ya Hindi, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2019. Usilazimishe mstari unaopanda au unaoshuka pale ambapo haupo.

6. Pigeni hesabu ya paa. Chukua jengo moja la shule, kwa mfano lenye paa la mita 20 kwa 8. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 25 inaleta lita 4,000. Tukitoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki lita 3,200, yaani jerikeni 160 za lita 20. Wanafunzi wanaochota maji kwa zamu hawahitaji kuelezwa umuhimu wa hesabu hii. Tumieni vipimo vya kipimamvua chenu, si namba zangu.

7. Sasa, na si kabla, taja kazi. Simama mbele ya kila shughuli waliyoifanya na uulize: nani angelipwa kwa kufanya hivi? Waache wakisie, kisha ujaze.

Mbele ya kipimamvua: mtaalamu wa hali ya hewa anayeandaa utabiri wa msimu, mtaalamu wa haidrolojia anayefuatilia mito na maziwa, na fundi anayezunguka kukarabati vituo. Usawa wa maji ya Ziwa Victoria umekuwa ukipimwa tangu 1896. Bila watu waliosoma kipimo hicho siku baada ya siku, hakuna ambaye angeweza kusema kuwa 2020 imeipita 1964.

Mbele ya chupa za udongo: mhandisi wa ujenzi anayepanga mifereji na kalvati, mwanajiolojia anayechora ramani ya miteremko ya hatari, mtaalamu wa udongo, na mtafiti wa mbegu zinazostahimili ukame. Taasisi za NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, haziko mbali kama watu wanavyodhani: iko Kachwekano kwa watu wa Kabale, Ngetta kwa Lira, Abi kwa Arua, Buginyanya kwa miteremko ya Elgon.

Mbele ya manila ya nukta: mtakwimu, mwanaprogramu, mtaalamu wa setilaiti na ramani. Hapa ipo mifano ya nyumbani. Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022, iliundwa na wahandisi watatu Waganda waliokuwa masomoni katika chuo cha teknolojia cha Kyushu, Japani. Mtandao wa vipimo vya hewa chafu wa AirQo ulizaliwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015. Kwa wanaopenda mashine, kampuni ya serikali ya Kiira Motors inaunda mabasi ya umeme ya Kayoola na ina kiwanda chake Jinja.

Kila kazi moja ya wahandisi ihesabiwe pamoja na kazi ya fundi wake. Warsha nyingi huonyesha shahada peke yake, na mwanafunzi mwenye alama za wastani huondoka akijua kwamba hayumo.

8. Leta mgeni mmoja au wawili, si zaidi. Usihangaike kutafuta profesa kutoka Kampala. Makao makuu ya wilaya yenu yana afisa mazingira, afisa wa maji, mhandisi wa wilaya na afisa kilimo, na wengi wao wanaweza kufika kwa boda boda. Tafuta kijana kuliko mzee, na ukimpata mwanamke mchague yeye. Mpelekee maelekezo kwa maandishi: azungumze dakika 10, alete kifaa kimoja anachokitumia, aeleze alifanya nini kazini wiki iliyopita, alisoma masomo gani, na ni lipi lililomsumbua. Dakika 30 zinazobaki ni za maswali, na kila kikundi kiwe kimeandaa mawili.

Tahadhari: mgeni akikabidhiwa kipaza sauti bila maelekezo atawahimiza wanafunzi "wasome kwa bidii" kwa saa nzima.

9. Funga siku kwa masomo na njia, kwa uwazi. Bandika karatasi yenye safu tatu: kazi, masomo ya S5, na njia ya kuingilia. Kwa ujumla, hali ya hewa, uhandisi na haidrolojia hudai fizikia na hisabati. Kilimo, udongo na misitu huegemea biolojia na kemia. Upimaji ardhi na ramani huhitaji hisabati, ukisaidiwa na jiografia au fizikia. Eleza pia mfumo wa uzito unaotumiwa na vyuo vikuu vya serikali: alama za masomo ya msingi kwa kozi husika huzidishwa kwa 3, za yanayohusiana kwa 2, na za yanayopendelewa kwa 1. Mwanafunzi anayelijua hilo huchagua kombinesheni kwa akili, hafuati rafiki.

Njia ziwe zaidi ya moja. Mbali na Makerere, kuna Mbarara, Gulu, Busitema, Kyambogo, na Muni huko Arua. Kuna vyuo vya ufundi vya Elgon, Lira, Bushenyi, Kichwamba na Kyema, ambako mtu huanza na stashahada na baadaye akaweza kuendelea na shahada. Kuna chuo cha hali ya hewa Entebbe. Kuhusu ada, taja bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambayo tangu 2014 imekuwa ikikopesha hasa wanafunzi wa kozi za sayansi. Usiahidi mkopo, eleza tu kwamba upo na huombwa.

10. Usiache kipimamvua kife. Chagua wasomaji wawili kwa kila wiki, daftari likae kwa mwalimu wa jiografia, na mchoro wa mwezi ubandikwe karibu na ofisi. Siku ya wazazi, weka chupa za udongo mezani na waache wanafunzi wazieleze. Wazazi ndio watakaolipa ada ya kombinesheni hiyo, na wengi wao ni wakulima wanaoelewa mmomonyoko kuliko mwalimu.

MAMBO YAKIKWAMA

Mvua haikunyesha kwa wiki mbili zote. Nyunyizieni kipimamvua kwa chupa yenye matundu ili wafunze mikono, na mtumie jedwali la miaka ya nyuma kwa hesabu ya paa. Msiunde takwimu za uongo kujaza daftari.

Vipimamvua vya vikundi viwili vinatofautiana. Angalia kwanza kama mstari wa sifuri ulikuwa sawa, kisha kama kimoja kiko karibu na paa. Vyote vikiwa salama, tofauti ya milimita moja au mbili ni ya kawaida, na ni somo zuri kuhusu kwa nini vituo huhitaji vifaa vya aina moja.

Kipimo chetu hakilingani na cha mtandaoni. Hakipaswi kulingana siku kwa siku. Chenu ni cha uwanja mmoja. Kile ni cha eneo la kilomita nyingi. Linganisheni jumla ya mwezi, na hata hapo tarajieni pengo.

Chupa ya ukoka imetoa maji mengi kuliko ya udongo mtupu. Mara nyingi ukoka ulipandwa siku ileile, ukaacha mianya pembeni, au udongo wake ulikuwa tayari umelowa. Lowesha zote kwa kiasi sawa siku moja kabla, kisha rudia.

Mmeamua kuchemsha maji ili kulinganisha sigiri mbili, na kipimajoto kinagota nyuzi 96. Hakijaharibika. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko chini ya nyuzi 100. Kabale huchemka chini zaidi. Jaribio hilo lifanyike nje daima, kwa sababu mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi inayoua bila kunusika.

Mwanafunzi anauliza kwa nini tuhangaike ilhali Uganda inachangia chini ya asilimia moja ya gesi joto za dunia. Kubali kuwa ni kweli, kisha mrudishe kwenye swali la ubaoni: mteremko wenu utaporomoka bila kujali moshi ulitoka nchi gani, na mhandisi wa kuushughulikia hatatoka huko.

Mwingine anauliza mbona tunachimba mafuta Kikuube na Buliisa huku tukifundishwa habari za tabianchi. Usilikwepe swali hili wala usiligeuze mkutano wa siasa. Unda pande mbili, kila upande ulete hoja zenye namba, na uwakumbushe kuwa mradi huo wenyewe umeajiri wahandisi na pia wataalamu wa mazingira wanaoukagua.

Mgeni hakutokea. Uwe na karatasi za maisha ya kazi zilizoandaliwa mapema, ukurasa mmoja kwa kila kazi, na vikundi vijibu maswali viliyoyaandaa kwa kuzisoma. Mwalimu wa fizikia au wa hisabati naye anaweza kuhojiwa. Ualimu wa sayansi ni kazi ya sayansi, na wanafunzi hawaufikirii kabisa wanapoorodhesha.

Mwanafunzi anasema kaka yake ana shahada ya sayansi na anaendesha boda boda. Usimpinge, kwa kuwa darasa zima linamjua mtu kama huyo. Muulize alisoma kozi gani, alifanya mafunzo ya kazini wapi, na ameomba nafasi za aina gani. Kisha liandike swali hilo la kwanza kabisa kwenye orodha ya mgeni, ambaye aeleze alikaa muda gani bila kazi na nani alimpa nafasi ya kwanza.